Majitaka yaliyotibiwa yakiingia baharini: bado unaweza kuogelea na kula chaza?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Kawe, Dar es Salaam. Huku kwetu kuna mazungumzo ya mtambo wa kuchakata majitaka ambao maji yake mwisho yataingia baharini. Mjumbe wetu anasema yakishatibiwa hayana neno, hata samaki wanaweza kufugwa humo. Jirani yangu anasema ni kinyesi kilekile, kimebadilishwa jina tu. Watoto wangu wanaogelea kila Jumapili, na mama mkwe wangu hakai wiki bila chaza au pweza. Nimwamini nani, na huo mtambo tuukatae?"

Marahaba, mama. Mjumbe na jirani kila mmoja ana nusu ya ukweli. Habari ya samaki ni kweli: kwenye maeneo oevu ya mashariki mwa Kolkata, India, samaki wanafugwa kwa majitaka ya jiji tangu miaka ya 1930 hivi, na wenyeji wanawala. Lakini samaki kuishi kwenye maji hakukuambii kama mtoto akimeza funda moja la maji hayo atalala salama usiku huo. Ugomvi mwingi wa majitaka unaanzia hapo, kila mtu anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Mtu akikuambia maji yametibiwa, muulize yametolewa nini. Ndani ya majitaka ya nyumbani kuna mizigo mitatu mikubwa: uozo, vimelea na rutuba. Kila mmoja hutolewa kwa njia yake, na mtambo unaweza kufaulu vizuri sana kwenye mmoja huku mingine miwili ikipita kama ilivyokuja. Mwenye mtambo atakuonyesha cheti cha mzigo alioutoa, wala hatakuwa amekudanganya.

Uozo ndio rahisi. Ni mabaki ya chakula, kinyesi, sabuni na mafuta, yaani vitu ambavyo bakteria wa majini huvila na kutumia oksijeni wakati wa kuvila. Maabara huupima kwa kipimo kiitwacho BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hao hutumia. Majitaka mabichi huwa na BOD ya miligramu 200 hadi 300 kwa lita, pengine zaidi kwa miji yetu ambako watu hawatumii maji mengi. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za Tanzania za mwaka 2007 zinataka yatoke yakiwa hayazidi 30; Umoja wa Ulaya unataka 25. Mitambo karibu yote duniani imebuniwa kwanza kwa kazi hii, na ikiendeshwa sawasawa inaiweza. Kwa bahari ya wazi yenye mawimbi, uozo uliobaki kiasi hicho si tatizo kubwa. Unaua kwenye vijito vya mikoko, mabandari na hori ambako maji hayabadiliki haraka.

Mizigo miwili iliyobaki ndiyo ya kukuhangaisha, mmoja kwa ajili ya watoto na mwingine kwa ajili ya bahari yenyewe.

Nianze na vimelea. Utasikia mtambo unaondoa asilimia 99 ya bakteria, nawe utapumua. Ngoja kwanza tupige hesabu. Mililita 100 za majitaka mabichi, kama nusu kikombe, hubeba bakteria wa kinyesi, kama E. koli, milioni 10 hivi, wakati mwingine mara kumi ya hao. Ondoa asilimia 99 ya milioni 10, utabaki na 100,000. Kwa fukwe za kuogelea, Ulaya huhesabu maji ya bahari kuwa mazuri pale bakteria aina ya E. koli wasipozidi 500 kwa mililita hizohizo 100. Maana yake maji ya mtambo wako wa asilimia 99 yanahitaji kuchanganywa na maji safi ya bahari mara 200 kabla hayajamfikia mtoto. Mtambo wa asilimia 99.99, ambao masikioni unakaribia kuwa uleule, unaacha 1,000 tu. Kwenye vimelea, vinavyohesabika ni vile vilivyobaki. Asilimia ya vilivyotolewa ni pambo la mabango ya miradi.

Halafu kuna jambo linalowashangaza hata wahandisi vijana. Mtambo wa kisasa wa mashine, unaopuliza hewa na kuchuja tope, ukiachwa bila hatua ya mwisho ya kuua vimelea, kwa kawaida huondoa kati ya asilimia 90 na 99. Mabwawa ya kawaida ya majitaka, yale ya udongo ambayo kila mtu Vingunguti anayajua kwa harufu, yanaweza kuushinda mbali. Maji hupita kwanza bwawa refu la kwenda chini lisilo na hewa, kisha bwawa pana, kisha mabwawa ya mwisho yenye kina cha mita moja au moja na nusu tu, ambako jua linafika. Humo mwani mdogo wa kijani hustawi, unapandisha ualkali wa maji wakati wa mchana, na ualkali huo pamoja na miale ya jua vinaua bakteria. Mayai ya minyoo ni mazito, yanazama chini. Gharama yake ni ardhi na siku nyingi za kusubiri. Katika joto la Dar es Salaam, mabwawa yenye ukubwa wa kutosha yanatoa maji yenye vimelea vichache kuliko mitambo mingi ya mamilioni ya dola.

Tatizo ni hilo neno "ukubwa wa kutosha". Bwawa lililojaa tope halina kina tena, maji yanapita kwa siku chache badala ya wiki, na magari ya kunyonya vyoo yanamwaga humo mzigo mzito ambao bwawa halikupimiwa. Likifika hapo linabaki kuwa kituo cha kupumzikia majitaka njiani kwenda mtoni. Kwa hiyo ukisikia mabwawa, usidharau, ila uliza mara ya mwisho tope lilitolewa lini.

Mitambo ya mashine inaweza kuongezewa hatua ya kuua vimelea. Klorini ni nafuu, lakini inaungana na amonia iliyomo kwenye majitaka na kutengeneza kemikali zinazodhuru viumbe vidogo vya bahari, kwa hiyo inabidi iondolewe tena kabla maji hayajatoka. Miale ya urujuanimno haiachi sumu, ila inataka maji maangavu na umeme usiokatika. Hapo sina la kuongeza. Wewe unalipa luku, unajua.

Mzigo wa tatu ni rutuba, yaani naitrojeni na fosforasi, mbolea ileile ya shambani. Mama wa Morogoro akimwagilia mchicha kwa maji yenye naitrojeni, anashukuru. Matumbawe hayashukuru. Bahari yetu ya tropiki ni angavu na ya buluu kwa sababu ina njaa: naitreti, ambayo ni naitrojeni ya aina inayolisha mimea, kwenye maji yake ya juu mara nyingi haifikishi miligramu 0.02 za naitrojeni kwa lita. Majitaka yaliyotibiwa vizuri kwa uozo, bila hatua maalumu ya kuondoa naitrojeni, hutoka na miligramu 20 hadi 30. Tofauti hiyo inazidi mara elfu moja. Ukiyachanganya na bahari mara mia, watoto wanaweza kuwa wamepona, lakini matumbawe bado yanapokea mbolea mara kumi ya ile yaliyoizoea.

Kinachofuata tumekiona hapa hapa. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa ukimwaga majitaka yake baharini kwa mabomba mafupi, bila kuyatibu, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iko palepale mjini, kwa hiyo watafiti hawakuhitaji kwenda mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995, akiwamo marehemu Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliangalia mwani wa chokaa, ule wa rangi ya waridi unaojipaka juu ya mawe na kuyashikanisha matumbawe yawe mwamba mmoja. Kadiri walivyokaribia mji ndivyo mwani huo ulivyopungua, na majaribio ya maabara yalionyesha fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini, inazuia ukuaji wake. Mwani laini wa kijani na kahawia ndio unaochukua nafasi. Mtalii anayepiga mbizi anaona majani tu na kusema pazuri. Mvuvi anajua changu na tasi wamehama.

Mfano unaokuhusu zaidi uko mbali, Hawaii, kwenye ghuba ya Kaneohe. Nauleta kwa sababu majitaka ya huko yalikuwa yametibiwa, yaani mjumbe wako angeridhika kabisa. Yalimwagwa ndani ya ghuba kwa miaka mingi, uozo ukiwa umetolewa lakini rutuba ikiwa imebaki. Maji yakawa mazito ya kijani, na mwani wa viputo, ambao kitaalamu huitwa Dictyosphaeria cavernosa, ukafunika matumbawe ukiyanyima mwanga na nafasi. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yakahamishiwa bahari kuu nje ya ghuba. Maji yaliangaza ndani ya miezi. Mwani ulipungua sana miaka michache ya kwanza, halafu ukagoma: kwenye baadhi ya miamba uling'ang'ania hadi 2006, ulipoporomoka baada ya wiki nyingi za mvua na mawingu kuukatia jua. Miaka karibu 30, mama, baada ya bomba kuondolewa. Fikiria hapo kabla hujaambiwa kuwa hatua ya kuondoa naitrojeni itaongezwa baadaye, fedha ikipatikana.

Nimesema mara kadhaa habari ya kuchanganyika, na hapa ndipo bomba linapoingia kwenye hesabu. Majitaka, hata yaliyotibiwa, ni maji baridi, na maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukiyaachia ufukweni yanaelea juu kama mafuta kwenye mchuzi, tabaka jembamba linalofuata pwani kwa kilomita kadhaa bila kuchanganyika sana. Ukiyapeleka mbali na kuyaachia chini kwenye kina, kwa tundu nyingi ndogo badala ya mdomo mmoja, yanapanda juu yakijisokota na maji ya bahari, na yakifika juu yameshapungua mara mia au zaidi. Ndiyo maana Boston, Marekani, walichimba handaki la karibu kilomita 15 chini ya bahari, likaanza kazi Septemba 2000, ingawa mtambo wao tayari ulikuwa unatibu vizuri. Bomba refu bila tiba ni kuhamisha uchafu. Tiba bila bomba la maana nayo inaiacha ghuba ndogo ibebe kila kitu.

Kwetu hesabu hiyo inategemea na upepo. Wakati wa kusi, mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini pwani ya Tanzania huwa na nguvu, na maji ya upande wa mjini yanasukumwa kuelekea huku kwenu. Wakati wa kaskazi mkondo hulegea, na upepo unasukuma maji ya juu kuja nchi kavu. Bamvua husafisha hori vizuri kwa sababu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maji mafu hayasafishi hivyo. Jua nalo ni rafiki mkubwa: mchana wa jua kali, kwenye maji maangavu, asilimia 90 ya bakteria wa kinyesi wanaweza kufa ndani ya saa chache. Usiku, au maji yakiwa ya matope, wanaweza kuishi siku mbili au zaidi. Virusi wana ngozi ngumu kuliko bakteria, na bakteria aitwaye enterokoki anavumilia chumvi kuliko E. koli, ndiyo maana kwa bahari wataalamu wanamwamini yeye zaidi kama kipimo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2003 jedwali linalotumika hadi leo. Enterokoki wakiwa chini ya 40 kwa mililita 100, uwezekano wa muogaji kuumwa tumbo kwa kuingia mara moja haufiki asilimia 1. Kati ya 201 na 500 unafika asilimia 5 hadi 10. Zaidi ya 500, unapita asilimia 10. Hesabu hizo zinafuata vipimo vibaya zaidi vya ufukwe, haziangalii wastani. Na jambo moja wanalolisahau wanaolinukuu ni kwamba jedwali hilo limetokana na watu wazima wenye afya waliogeshwa kwenye fukwe za Uingereza. Mtoto wa miaka sita anakaa majini saa tatu na anakunywa bahari kama juisi. Kwake ongeza tahadhari.

Sasa niseme wazi ninachokiamini kuhusu mtambo wenu. Usiukatae. Kwa sababu maji ambayo watoto wako wanaogelea leo tayari yana majitaka, na mengi yake hayajapita mtambo wowote. Katikati ya jiji kuna bomba la tangu zama za ukoloni linalomalizikia Ocean Road na kuingiza majitaka mabichi baharini. Mto Msimbazi unakusanya ya mabwawa ya Vingunguti, ya viwanda, ya mifereji, na kuyatoa baharini pale daraja la Selander. Wakazi wengi wa jiji hawana bomba la majitaka kabisa. Wana choo cha shimo au karo, na mvua za masika zikianza kuna wanaotapisha vyoo usiku ili mafuriko yabebe. Chemba zinafurika, mvua inabeba, na baada ya saa chache yote yako ufukweni. Mtambo unaokusanya majitaka ya nyumba elfu kadhaa na kuyapunguza vimelea mara elfu moja, hata ukiwa na upungufu wote niliouorodhesha, unaondoa baharini zaidi ya unachoongeza. Ni sharti tu nyumba ziunganishwe. Mtambo mzuri ambao haujaunganishwa na mitaa ni jengo.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa, badala ya kupiga kura ya ndiyo au hapana, waulizeni mambo haya na mtake yaandikwe: bakteria wangapi watabaki kwa mililita 100 mwishoni kabisa mwa mtambo, naitrojeni ngapi, bomba linaishia mita ngapi kutoka ufukweni na kwenye kina gani maji yakiwa yamepwa, umeme ukikatika maji yanakwenda wapi, na nani atapima ufukwe kila wiki na kubandika majibu mahali watu wanapoyaona. Kanuni za 2007 zinaruhusu bakteria wa jamii ya koli, ambayo E. koli ni mmoja wao, 10,000 kwa mililita 100 kwenye mdomo wa bomba. Hicho ni kiwango cha kutolea maji, si cha kuogea, na afisa akikutajia kama kwamba ni kimoja, mrudishe hapo. Waulizeni pia kama maji yote lazima yaende baharini. Muscat, ambako wengi wetu wa pwani tuna ndugu, sehemu kubwa ya majitaka yaliyotibiwa inamwagilia bustani na miti ya barabarani, na rutuba ambayo baharini ingeua matumbawe, kule inalisha nyasi. Sisi tunamwagilia bustani za mjini kwa maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yaliyotoka Mto Ruvu, mbali kote huko, na kutupa yale yenye mbolea.

Kuna mambo ambayo hakuna mtambo wa kawaida unaoyaweza: mabaki ya dawa za hospitali na nyumbani, homoni, chembe ndogo za plastiki. Plastiki nyingi hunaswa kwenye tope, dawa nyingi zinapita. Ulaya imepitisha mwaka 2024 sheria inayotaka mitambo mikubwa iongeze hatua ya nne ya tiba kwa ajili hiyo, na watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama. Sisi bado tuko hatua ya pili, ile ya kutoa uozo, na kwa afya ya watoto wako mwaka huu, vimelea vinatangulia mbali.

Watoto waendelee kuogelea, ila wasiingie baharini baada ya mvua kubwa. Sydney, ambako maji ya fukwe hupimwa mara kwa mara, ushauri ni kusubiri siku moja kwa fukwe za bahari ya wazi na hadi siku tatu kwa sehemu za hori na midomo ya mito. Kwa Dar es Salaam mimi nasema siku tatu kote. Waogelee maji yakiwa yanajaa au yamejaa, kwa sababu yakianza kupwa ndipo mto na mifereji inapojimwaga nje. Waepuke mdomo wa mto au mfereji wowote, hata kama maji yake yanaonekana meupe, na mwenye kidonda abaki mchangani. Ukiona mwani wa kijani laini umejaa kwenye mawe mahali pamoja tu, tafuta bomba. Mara nyingi lipo karibu.

Pweza wa mama mkwe hana shida. Anawinda kaa na kome, hachuji maji, na hakuna mtu wa pwani anayemla bila kumchemsha. Chaza ndiye wa kuangalia. Chaza mmoja anachuja makumi ya lita za maji kwa siku na kubaki na vilivyomo, kwa hiyo nyama yake inaweza kuwa na vimelea vingi kuliko maji aliyotoka. Ulaya hairuhusu wauzwe wabichi wakizidi E. koli 230 kwa gramu 100 za nyama, na kwetu hakuna anayewapima sokoni. Muulize muuzaji wametoka wapi. Wa karibu na mdomo wa mto, Ocean Road au bandarini waache, waliopikwa wasiopikwa, maana metali za bandarini hazitoki kwa moto. Wa mbali na mji wapikwe hadi ndani, si kufunguka ganda tu: virusi vya homa ya ini aina ya A vinataka nyuzi 90 kwa sekunde 90 katikati ya nyama, na ganda hufunguka mapema kuliko hapo. Ndimu na pilipili havihesabiki kama moto, hata mama mkwe akisema ndivyo walivyokula tangu zamani.